Mauntingi za injini: Gharama haiko kwenye raba peke yake

MWENYE gari anapoambiwa na fundi kuwa mauntingi za injini zimekufa, jambo la kwanza analouliza ni bei ya kifaa dukani. Ni swali la haki, lakini ndilo linalompoteza. Katika kazi hii bei ya raba ni kipande kimoja tu cha hesabu. Vipande vingine ni ufundi, siku ambayo gari linalala gereji, vifaa vinavyoharibika kwa sababu ya kuchelewa na, kikubwa kuliko vyote, muda ambao raba mpya itadumu kabla ya kazi ile ile kurudiwa.

Kwa mtu anayetumia gari kwenda ofisini na kurudi, kukosea hesabu hii ni usumbufu. Kwa dereva wa teksi anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, ni riziki. Gari likilala siku moja hakuna hesabu, na mara nyingi hakuna hela ya kula nyumbani. Ndiyo maana madereva wengi hukubali raba ya bei ya chini ilimradi gari litoke gereji jioni hiyo hiyo. Miezi michache baadaye wanarudi pale pale na tatizo lile lile.

Mauntingi ni kifaa cha chuma na raba kinachofunga injini na giaboksi kwenye bodi ya gari. Upande mmoja wa chuma umefungwa kwenye injini, upande mwingine kwenye bodi, na raba iko katikati ikiwa imeshikana na vyuma hivyo tangu kiwandani. Kazi zake ni tatu: kubeba uzito, kuzuia mtetemo usiingie ndani ya gari, na kuzuia injini isijipindue pale dereva anapokanyaga mafuta.

Magari ya mwanzo mengi hayakuwa na starehe hiyo. Injini ilikazwa kwa boliti moja kwa moja kwenye chesesi na abiria alitetemeka nayo. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilitangaza Plymouth yenye injini iliyokaa juu ya raba, ikaiita Floating Power, na mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikachukua ufundi huo kwa leseni. Tangu wakati huo raba chini ya injini imekuwa jambo la kawaida.

Idadi ya mauntingi hutegemea jinsi injini ilivyolala. Gari dogo linalovuta kwa matairi ya mbele, kama Corolla, kwa kawaida huwa na tatu au nne, kwa kuwa injini imelazwa kwa upana. Pikapu kama Hilux, ambayo injini yake imekaa kwa urefu na nguvu inakwenda nyuma, kwa kawaida huwa na mbili za pembeni na moja chini ya giaboksi. Tofauti hii ina maana mfukoni. Katika pikapu nafasi ni kubwa na fundi anafikia boliti kwa urahisi. Katika gari dogo mauntingi ya nyuma hujificha kati ya injini na ukuta wa mbele wa bodi, na kuitoa huenda kukalazimu kushusha chuma kinachobeba injini kwa chini. Raba mbili zenye bei moja dukani zinaweza kutofautiana mara mbili au tatu kwa ufundi.

Zipo pia mauntingi zenye maji maalumu ndani yake, ambazo hutuliza mtetemo vizuri zaidi kuliko raba tupu. Katika magari mengi ya Kijapani ya aina hii, ile ya upande wa mikanda ndiyo yenye maji. Ikipasuka huacha alama ya majimaji meusi chini yake, ambayo mafundi wengine hudhani ni oili ya injini. Hii ndiyo ghali katika kundi lake, na ndiyo inayoigizwa sana kwa kufunga raba ngumu isiyo na kitu ndani.

Raba hufa kwa mambo matatu: joto, oili na umri. Foleni za Dar es Salaam au Nairobi humaliza raba kwa joto hata kama kilomita zilizotembewa ni chache. Oili inayovuja kutoka kwenye mfuniko wa valvu na kudondokea mauntingi huilainisha mpaka ikawa kama gundi. Kubadilisha mauntingi bila kuziba uvujaji huo ni kutupa fedha. Kuhusu umri, hapa Afrika Mashariki kuna jambo ambalo wanunuzi wa magari hulisahau.

Magari mengi ya watu binafsi huja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japan. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo kwa magari madogo. Badala yake huyatoza ushuru wa ziada yaliyozeeka. Kwa vyovyote vile, gari likishushwa bandarini raba zake tayari zina miaka mingi. Kilomita kwenye dashibodi zinaweza kuwa chache na rangi ikawa inang'aa, lakini raba haihesabu kilomita peke yake. Mnunuzi makini huweka fungu la mauntingi katika bajeti ya mwaka wa kwanza, kama anavyoweka la matairi na betri. Wengi hawaweki, na hapo ndipo bili ya kwanza ya gereji inapowashtua.

Wapo wanaosema mtetemo ni kero tu, gari si linatembea? Historia ya biashara ya magari ina jibu. Desemba 1971 General Motors ya Marekani ililazimika kuwaita wenye magari takriban milioni 6.7, mengi yakiwa Chevrolet ya nusu ya pili ya miaka ya 1960, kwa sababu ya mauntingi. Raba ilikuwa ikikatika, injini inanyanyuka upande mmoja dereva anapoongeza mwendo, na katika kunyanyuka huko inavuta fimbo ya mafuta. Gari lilikuwa likizidi kukimbia bila dereva kutaka. Dawa iliyotolewa haikuwa kubadilisha mauntingi zote. Kampuni ilifunga waya wa chuma wa kuizuia injini isinyanyuke. Mhasibu yeyote anaona kwa nini: waya ni rahisi kuliko raba, na zidisha tofauti hiyo mara milioni 6.7.

Mauntingi nyingi za siku hizi zimeundwa chuma kikumbatie chuma, ili raba ikikatika injini isiruke. Kwa hiyo hatari ya aina ile imepungua sana. Kilichobaki ni uharibifu wa polepole: bomba laini la eksosi linapasuka kwa kupindwapindwa, shafti za mbele zinafanya kazi katika pembe isiyo yake, mipira ya rejeta inavutwa, nyaya zinasuguana na chuma. Na mauntingi moja ikifa, zilizobaki hubeba mzigo wake. Bili iliyoanza na raba moja inakuwa ya raba tatu na bomba la eksosi.

Kabla ya kutoa fedha, lazima tatizo lithibitishwe. Dalili zinajulikana: gari linatetemeka sana likiwa limesimama kwenye D huku kiyoyozi kikifanya kazi, linagonga "ngo" gia inapotoka D kwenda R, injini inaruka wakati wa kuwasha au kuzima. Lakini mtetemo una baba wengi. Plagi iliyochoka, koili moja iliyokufa au njia ya hewa iliyojaa uchafu hutoa mtetemo unaofanana. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kuweka gia N: kama mtetemo unapungua sana, mauntingi zina kesi ya kujibu; kama injini inakohoa na kukatakata hata kwenye N, anza na plagi, ambazo ni nafuu.

Jaribio la pili linahitaji watu wawili. Boneti inafunguliwa, hendibreki inavutwa, breki ya mguu inakanyagwa sawasawa, kisha dereva anaweka D na kugusa mafuta kidogo, halafu R. Anayeangalia asimame pembeni, kamwe asisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini husogea kidogo kwa kawaida. Ikinyanyuka na kudondoka kwa kishindo, raba imekatika, na mtazamaji ataona upande gani. Jaribio hili ni la dakika tano, na fundi anayekataa kulifanya mbele ya mteja anatia shaka.

Sasa soko lenyewe. Spea za mauntingi zinazopatikana Kariakoo, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, ni za aina nne. Kwanza ni orijino ya mtengenezaji wa gari, inayouzwa na wakala na maduka machache. Bei yake humfukuza mteja kabla hajakaa. Pili ni zile za viwanda vingine, kutoka Japan, Taiwan, Thailand na China, ambazo ubora wake ni kama ngazi: zipo nzuri karibu sawa na orijino, zipo za kuchekesha. Tatu ni za mtumba, zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa vipande. Nne ni feki, yaani raba ya daraja la chini iliyovalishwa boksi la jina kubwa, na hii ndiyo ghali kupita zote kwa kuwa mteja hulipa bei ya orijino na kupata uhai wa kitu cha hovyo.

Ya tano haiuzwi dukani. Ni raba ya tairi kuukuu la lori iliyochongwa na kuingizwa kwenye chuma cha zamani. Ufundi huu ulishamiri wakati spea zilikuwa adimu, kabla ya Serikali ya Tanzania kuwaruhusu mwaka 1984 wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, na wachongaji wake walikuwa wakiokoa magari ya watu kweli kweli. Lakini raba ya tairi ni ngumu na haikushikana na chuma. Inabeba uzito, haizuii mtetemo. Kwa bushi za springi za lori inaweza kukubalika. Kwa gari dogo ni kuhamisha mtetemo kutoka kwenye injini hadi kwenye meno ya abiria.

Kuhusu mtumba kuna maoni mawili. Mafundi wengi huipenda kwa hoja kwamba orijino iliyotumika ni bora kuliko mpya ya kuchekesha. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kwa giaboksi au taa, mtumba ni biashara nzuri. Kwa raba, mnunuzi ananunua umri. Mauntingi iliyotoka kwenye gari la miaka 12 ina miaka 12 hata kama imesafishwa kwa petroli ikang'aa. Anayelazimika kuichukua aikunje kwa nguvu na kuangalia nyufa pale raba inapokutana na chuma, na kama ni ya maji, aangalie alama ya kuvuja.

Tofauti za bei zinaeleweka zaidi kwa mfano. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu, si bei ya soko. Msomaji aweke za kwake. Tuseme raba ya bei ya chini ni Sh. 45,000 na inadumu miezi 8. Raba nzuri ni Sh. 120,000 na inadumu miezi 48. Ufundi ni Sh. 30,000 kila mara, na teksi ikilala siku moja tajiri anakosa hesabu ya Sh. 25,000.

Kwa raba ya bei ya chini, kila safari ya gereji ni Sh. 100,000. Katika miezi 48 safari hizo ni sita, jumla Sh. 600,000. Kwa raba nzuri safari ni moja, jumla Sh. 175,000. Kwa mwezi ni Sh. 12,500 dhidi ya Sh. 3,646 hivi. Dukani raba nzuri ilionekana ghali karibu mara tatu; barabarani ni nafuu zaidi ya mara tatu.

Hesabu hiyo inaweza kugeuzwa kuwa swali la kumuuliza muuzaji. Kwa tarakimu hizi hizi, raba ya Sh. 45,000 ingepaswa kudumu zaidi ya miezi 27 ili ishinde ile ya Sh. 120,000. Mtumba wa Sh. 30,000, pamoja na ufundi na hesabu iliyopotea, unafika Sh. 85,000, na ungepaswa kudumu miezi 23 na kidogo. Muuzaji asiyethubutu kutoa dhamana ya hata miezi mitatu amekwisha kujibu.

Hata hivyo, raba ya bei ya chini si upumbavu kila wakati. Mwenye gari la nyumbani anayejua kwamba ataliuza baada ya miezi sita hana sababu ya kumlipia mnunuzi anayekuja miaka mitatu ya starehe. Gari lenyewe likiwa limebakiza mwaka mmoja wa uhai, kulifungia orijino ni kumvisha marehemu suti.

Na hapa ndipo penye mgogoro wa teksi. Katika makubaliano mengi tajiri hulipia matengenezo makubwa na dereva hulipia madogo. Mauntingi huangukia katikati. Akiachiwa dereva, atanunua ya bei ya chini, na kwa upande wake hajakosea: hana hakika kwamba baada ya miezi minane gari litakuwa bado mikononi mwake. Faida ya raba ya miaka minne ni ya tajiri, basi gharama yake haiwezi kuwa ya dereva. Tajiri anayemkatia dereva posho ya spea kisha akashangaa kwa nini gari linagonga kila robo mwaka anajidai mwenyewe. Makubaliano yanayofanya kazi ni rahisi: tajiri ananunua kifaa na kukaa na risiti, dereva anasimamia ufundi, na siku ya gereji haidaiwi hesabu.

Kununua kifaa mwenyewe kuna sababu nyingine, nayo ni cha juu. Fundi anayetumwa dukani mara nyingi huongezewa kitu na muuzaji, na kitu hicho kinatoka mfukoni mwa mteja. Si siri na si lazima iwe ugomvi. Fundi naye ana watoto, na malipo ya ufundi peke yake mara nyingi ni madogo mno. Lakini cha juu kina kasoro moja kubwa: humpa fundi sababu ya kupendekeza duka badala ya kupendekeza kifaa, na sababu ya kutosikitika kazi ikirudi. Ni heri kumlipa fundi ufundi mzuri unaojulikana, akaenda na mteja dukani kutambua kifaa, na fedha ya kifaa ikapita mkono mmoja.

Ufundi wenyewe ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, ilhali unaweza kuua raba mpya ndani ya wiki. Injini inapotolewa mauntingi lazima ishikiliwe kwa jeki, na kati ya jeki na sampu ya oili kuwe na kipande cha ubao; jeki tupu hubonyeza sampu na kuzaa bili nyingine. Zinabadilishwa moja baada ya moja, si zote kwa mpigo. Boliti zote huingizwa kwanza kwa mkono, injini ikaachwa ikae pahali pake, ndipo zikazwe. Fundi mwenye haraka hukaza boliti injini ikiwa imening'inia, na raba inaanza maisha yake ikiwa imepinda.

Je, zibadilishwe zote au ile iliyokufa tu? Kwa gari ambalo raba zake zote ni za tangu kiwandani na moja imekatika, kubadilisha zote kwa pamoja kuna mantiki, hasa kama kushusha chuma cha chini kunafungua njia ya mbili kwa ufundi mmoja. Kama nyingine zilibadilishwa karibuni, hakuna sababu. Kwa mwenye fedha ya kuungaunga, aanze na ile inayobeba uzito, upande wa mikanda na upande wa giaboksi, kisha zile za kuzuia kujipindua. Asifunge moja mpya ya ngumu sana kati ya laini zilizochoka. Mtetemo huongezeka badala ya kupungua, na lawama inaangukia duka.

Risiti ya mashine ya EFD na boksi vihifadhiwe pamoja na kile kilichotolewa, kwa kuwa muuzaji atataka kuona vyote vitatu iwapo raba itakatika mapema. Baada ya wiki moja barabarani gari lirudi kwa fundi, boliti ziguswe tena kwa spana na sehemu ya chini iangaliwe kama kuna oili inayodondokea raba mpya. Kwa kawaida fundi hadai malipo kwa ukaguzi huo, mradi uwe umesemwa siku ya kupatana bei.